Siku Saba Nikizifuata Manowari za Warusi

Siku ya kwanza: Paris

Nimeshuka kituo cha Courcelles saa nne asubuhi, manyunyu yanaanguka, nikakata kona na kuingia barabara ya Daru. Ni barabara fupi, na katikati yake zinainuka kuba tano za dhahabu, kana kwamba mtu amezichukua kwao Urusi akazitua hapa kati ya majumba ya mawe ya Wafaransa. Hapa ndipo nilipopachagua pa kuanzia.

Nieleze kwanza kilichonitoa Lyon, ninakoishi na kufanya kazi ya uuguzi, nikatumia likizo yangu yote kwa safari hii. Bibi yangu mzaa mama alitoka Unguja mwaka 1964, miezi michache baada ya mapinduzi ya Januari 12. Alikaa Mombasa, kisha miaka ya sabini akahamia Maskati, na huko ndiko alikozikwa. Alikuwa na sanduku la mbao lenye misumari ya shaba ambalo hakuwahi kulitoa vitu vyote. Vya juu alivitumia. Vya chini alisema ni vya kule kule, atavitoa akirudi. Basi mwaka juzi nikasoma habari za mtoto wa Kirusi aliyeshuka melini huko Tunisia akiwa na miaka 8, manowari za Warusi zilipokimbilia huko mwaka 1920, akakaa bila uraia wa nchi yoyote mpaka alipopita miaka 80. Nilisoma mara moja nikafunga kitabu. Nilijua lazima niende nikaone mahali hapo kwa macho yangu.

Kanisa hili la Mtakatifu Alexander Nevsky lilifunguliwa 1861, enzi za wafalme, kwa ajili ya mabalozi na matajiri wa Kirusi waliokuja Paris kutembea. Miaka sitini baadaye likajaa watu wa namna nyingine kabisa. Mapinduzi ya 1917 na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata viliwatoa kwao watu zaidi ya milioni moja, na wengi wao waliishia hapa. Maofisa wa jeshi la mfalme waliingia kiwanda cha magari cha Renault, kule Billancourt. Maelfu waliendesha teksi. Mabibi waliozoea kushonewa nguo walishika sindano wakawashonea wengine. Jumapili wote walikutana uani hapa, na hapa ndipo palipopatikana habari: nani yuko hai, nani ameonekana Belgrade, nani anatafuta kazi, chumba gani kiko wazi.

Ndani kuna giza la nta na ubani. Nimesimama mlangoni nikashindwa kwenda mbele kwa muda, maana harufu ile ni ya chumba cha Bibi usiku wa Alhamisi. Mama mmoja mzee anayeuza mishumaa amenitazama, akanipa mmoja, akakataa pesa.

Alasiri nimekwenda kwa muuza stempu za zamani, nikanunua kitu nilichokuwa nikikitaka siku nyingi. Ni stempu ndogo yenye sura ya mzee mwenye sharubu nene: Fridtjof Nansen, Mnorwe, aliyekuwa Kamishna wa Wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa. Desemba 1921 serikali mpya ya Urusi iliwafutia uraia waliokimbia. Kwa siku moja watu wale wakawa si wa popote. Mwaka uliofuata Nansen akabuni hati ya kusafiria kwa ajili yao, na nchi zaidi ya hamsini zikaja kuitambua. Baadaye ikawekwa ada, na stempu hii ikabandikwa kwenye hati kuonyesha kwamba mwenye nazo amelipa ili awasaidie wasio nazo. Nimeiweka katikati ya kurasa za daftari. Gundi bado iko nyuma, imekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi.

Siku ya pili: Sainte-Geneviève-des-Bois

Treni ya vitongojini inakwenda kusini, nusu saa na zaidi kidogo. Mwaka 1927 mwanamke tajiri wa Kiingereza, Dorothy Paget, alinunua nyumba hapa ili wazee wa Kirusi wasio na kitu wapate pa kuzeekea. Aliyeisimamia ni mwanamke wa tabaka la juu la Kirusi, Vera Meshcherskaya, ambaye Paget alikuwa amesoma shuleni kwake. Wazee walipoanza kufa wakazikwa kwenye makaburi ya kijiji, na sehemu ile ikakua mpaka leo ina maelfu ya makaburi ya Kirusi.

Nimetembea humo saa tatu nzima. Misalaba ya Kiorthodoksi ina mti wa tatu chini, umekaa mshazari. Wamepanda miti ya kwao, ile ya maganda meupe, na upepo ukivuma majani yake yanalia kama mvua. Nimeliona kaburi la Georgy Lvov, waziri mkuu wa kwanza wa serikali ya muda ya 1917, aliyefariki Paris mwaka 1925. Nchi kubwa kuliko zote duniani ilikuwa mikononi mwake kwa miezi minne. Kaburi lake ni jembamba kama la jirani yake.

Kilichonishika zaidi ni rundo. Ni mnara mfano wa kichuguu cha mawe, umezungukwa na majina ya majenerali na vikosi. Wanajeshi waliotoka Crimea mwaka 1920 wapatao 25,000 walipelekwa Gallipoli, Uturuki, wakapiga mahema kwenye bonde tupu wakati wa baridi. Walikufa wengi kwa maradhi. Waliobaki wakawajengea wenzao kumbukumbu, na kila mmoja akaleta jiwe lake. Tetemeko likaibomoa mwaka 1949, na mwaka 1961 wazee wale wale, sasa wana mvi, wakajenga mfano wake hapa Ufaransa. Fikiria mtu aliyebeba jiwe akiwa kijana wa miaka ishirini, akaja kulibeba tena na miaka sitini.

Kuna jambo jingine lililoniuma. Huku kaburi halinunuliwi moja kwa moja kila mara. Mengi hukodishwa kwa miaka, na kodi ikiisha bila mtu kulipa mahali hupewa maiti mwingine. Mengi ya humu yalikaribia kupotea, kwa kuwa wenyewe hawakuacha watoto, au watoto wametawanyika. Baadaye serikali ya Urusi ilikuja kulipa kodi ya makaburi mengi kwa miaka kadhaa. Mtu ameishi maisha yote kwenye chumba cha kupanga, na hata alipolala bado ni mpangaji.

Siku ya tatu: kwenye treni

Paris mpaka Marseille, saa tatu na ushee. Nimelala njia nzima. Jioni nimekula samaki bandarini, nikampigia mama simu Maskati. Kaniuliza kama nimebeba sweta la baharini. Nimebeba.

Siku ya nne: baharini

Meli inakwenda La Goulette, bandari ya Tunis, na safari huchukua siku kucha. Magari ya Watunisia wanaorudi nyumbani yamepakiwa mpaka juu: magodoro, baiskeli, friji iliyofungwa kwa kamba, mazulia. Kila familia inapeleka kitu. Nimekaa sitahani upande wa jua nikafungua daftari ili niandike safari yao, wale wengine, siku ambayo mimi mwenyewe niko juu ya bahari ile ile.

Novemba 1920 jeshi la Warusi Weupe, waliopigana na serikali ya mapinduzi, chini ya Jenerali Pyotr Wrangel, lilikuwa limebanwa kwenye rasi ya Crimea, Jeshi Jekundu la serikali hiyo limevunja ngome. Wrangel aliwatangazia watu waziwazi kwamba anayeondoka anakwenda gizani: hakuna nchi iliyoahidi kuwapokea, wala serikali yake haina cha kuwapa. Hata hivyo walipanda. Kwa siku tatu nne, kutoka Sevastopol, Yalta, Feodosia, Yevpatoria na Kerch, ziliondoka meli 126 zikiwa na watu karibu 150,000. Chochote kilichoweza kuelea kilitumika, na vyombo vilivyoharibika injini vilivutwa kwa kamba. Manowari moja, Zhivoy, ilivutwa namna hiyo, kamba ikakatika kwenye dhoruba ya Bahari Nyeusi, na haikuonekana tena na watu wake.

Mabaharia wengi walibaki nyuma, kwa hiyo makaa ya mawe yalipakiwa na kuchochewa na maofisa, wanafunzi na yeyote mwenye mikono miwili. Walifika Konstantinopoli, Istanbul ya leo, wakiwa weusi kwa masizi, wenye kiu. Mashua za wachuuzi zikazizunguka meli, na pete za ndoa zikateremshwa kwa kamba kubadilishwa na mkate.

Kutoka hapo njia zikagawanyika. Jeshi likaenda Gallipoli, Wakosaki wengi, wale askari wapanda farasi, wakaenda kisiwa cha Lemnos, raia wakasambaa Bulgaria, Serbia na kwingineko. Lakini manowari? Hakuna aliyezitaka karibu. Ufaransa ndiyo iliyokubali zije kwenye bandari yake ya kijeshi ya Bizerte, kaskazini kabisa mwa Tunisia, ambayo wakati huo ilikuwa chini yake. Basi zikashuka kupita visiwa vya Ugiriki kwenye baridi ya Desemba, na Desemba 23 mwaka 1920 meli iitwayo Velikiy Knyaz Konstantin ikaingia Bizerte ikiwa na familia za wanamaji. Nyingine zikafuata mpaka mwanzo wa 1921. Zote zilikuwa zaidi ya 30, na watu wapatao 6,000.

Kwenye ile Konstantin alikuwemo yule mtoto wa miaka 8. Jina lake Anastasia Manstein. Baba yake aliiongoza manowari iitwayo Zharky.

Jua limezama. Mtoto wa Kitunisia amenipa nusu ya chungwa lake bila neno, akarudi kwa mama yake.

Siku ya tano: Tunis

Kwenye barabara ya Mohamed V, katikati ya benki na hoteli, kuna kanisa dogo jeupe la Kirusi lililojengwa miaka ya 1950. Wanaosali humo leo wengi ni wanawake wa Kirusi na Kiukreni walioolewa na Watunisia waliokwenda kusoma kwao. Nimekaa kidogo nikaondoka, maana haja yangu leo ilikuwa makaburi ya Borgel.

Huko amelala Mikhail Berens, amiri wa mwisho wa manowari za Bizerte. Alifariki mwaka 1943 akazikwa Mégrine, nje kidogo ya mji, na mwaka 2001 mabaki yake yakahamishiwa hapa. Nimemtafuta kwa sababu ya nduguye.

Walikuwa wawili, Yevgeny na Mikhail, wote wanamaji, wote watumishi wa mfalme. Mapinduzi yalipokuja Yevgeny akabaki na serikali mpya, akapanda hadi kuongoza jeshi lake la majini. Mikhail akawa upande wa pili. Oktoba 28 mwaka 1924 Ufaransa iliitambua serikali ya Kisovieti. Kwa hiyo manowari zile hazikuwa tena za wakimbizi, zilikuwa na mwenyewe. Jioni ya tarehe 29 bendera ya Mtakatifu Andrea, nyeupe yenye msalaba wa buluu ulalao mshazari, ikashushwa kwenye meli zote kwa mara ya mwisho. Mwisho wa mwaka ule ikaja tume kutoka Moscow kuzikagua, na miongoni mwa wajumbe alikuwa Yevgeny Berens.

Inasimuliwa kwamba Mikhail aliposikia nani anakuja, alitoka Bizerte akaja huku Tunis, akakaa mpaka tume ilipoondoka. Hakutaka kumponza nduguye kwa kuonekana naye. Hawakuonana. Yevgeny alifariki mwaka 1928.

Nimesimama pale nikiwa na yale maua niliyonunua sokoni, na nikamlilia mtu nisiyemjua. Bibi naye alikuwa na kaka aliyebaki Unguja. Barua ziliandikwa, nyingine zikafika, na kila moja ilianza na maneno yale yale: sisi hatujambo, kila kitu kizuri. Hakuna aliyethubutu kuandika zaidi ya hapo kwa miaka mingi, kila mmoja akimlinda mwenzake.

Siku ya sita: Bizerte

Gari za kuchangia za kaskazini zinaondoka Bab Saadoun zikijaa. Dereva kanikalisha mbele. Kilomita kama sitini na tano, mashamba ya mizeituni, korongo wamejenga juu ya nguzo za umeme. Aliniuliza, "Okhti, unakwenda kwa nani Bizerte?" Nikamwambia nakwenda kuwaona Warusi. Hakushangaa hata kidogo. "Madame Shirinsky," akasema, "alimfundisha mjomba wangu hesabu. Ukikosea alikuwa hakupigi. Alikuwa anakutazama tu mpaka ujirekebishe."

Huyo Madame Shirinsky ndiye yule mtoto.

Mji unaanzia kwenye daraja linaloinuka kupisha meli kwenye mfereji, kati ya bahari na ziwa la Bizerte. Humo ziwani ndimo manowari zilikolala. Mwanzo Wafaransa hawakuwaruhusu watu kushuka: bendera za njano za karantini, mashua za ulinzi zikizunguka usiku, hofu kwamba miongoni mwao kuna Wabolsheviki, wafuasi wa serikali mpya ya Urusi. Baadaye wakawapeleka makambini, kidogo kidogo, na kila mwezi wakaipunguza idadi ya wanaolishwa. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe kwelikweli. Kanali akalinda shamba la mizabibu, nahodha akachimba barabara, wengine wakapima ardhi, wakafanya umeme, famasi, upishi, wakapiga piano kwenye kumbi za sinema za zamani zisizo na sauti. Wake zao wakafua nguo na kulea watoto wa Wafaransa. Mpaka leo wazee wa hapa wanawakumbuka kwa jambo moja: hawakuiona kazi yoyote kuwa ya aibu, na hawakumdharau mwenyeji.

Familia za wanamaji ziliwekwa kwenye manowari kuukuu, Georgy Pobedonosets, ya miaka ya 1890. Waliigawa vyumba vidogo vidogo, wakatundika mapazia, wakatengeneza shule na kanisa ndani yake. Mabaharia waliitania kwa kuiita Babanosets, kwa kuwa ilijaa wanawake, na kwa Kirusi "baba" ni mwanamke. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kisha nikatulia. Wale watoto waliocheza baina ya mizinga, wakajifunza alifu na bee zao kwenye sitaha ya chuma, hiyo ndiyo nyumba waliyoikumbuka maishani mwao.

Mchana nimepanda Djebel Kebir kwa miguu. Ni kilima, na juu yake iko ngome ya Wafaransa. Jua lilikuwa kali na njia ina mawe, nimefika sina pumzi. Mwaka 1921 ngome hii ikawa chuo cha wanamaji cha Kirusi. Vijana zaidi ya 300 walilala kwenye vyumba vya chini ya ardhi visivyo na madirisha, wakasoma unajimu wa baharini, hesabu, lugha na historia, wakafanya mitihani, wakapewa vyeo vya jeshi la majini la dola ambayo ilikuwa haipo tena. Chini yake, kambi ya Sfayat, waliishi walimu na familia kwenye vibanda. Chuo kilifungwa mwaka 1925.

Wapo wanaosema huo ulikuwa ukaidi, kufundisha watoto kwa ajili ya nchi iliyokwisha. Siioni hivyo, na nilipokuwa juu pale nikiitazama bahari pande mbili niliona wazi zaidi. Vijana wale waliotoka hapo walikwenda vyuoni Paris, Prague na Brussels, wakawa wahandisi na wanasayansi. Hesabu ni hesabu popote. Na mwalimu aliyeamka asubuhi akanyoa ndevu, akavaa koti lake lililochanika na kwenda darasani, alikuwa na sababu ya kuamka. Wangapi walikufa kwa kukosa sababu hiyo tu? Bibi yangu alifundisha Kurani watoto wa mtaa Mombasa, kisha Maskati, mpaka macho yalipokataa. Bila kile chuo chake kidogo cha barazani sijui angeishije.

Kwenye nyambizi iitwayo Utka kulikuwa na ajabu nyingine. Kamanda wake, Nestor Monasterev, aliweka humo mtambo wa kuchapa, na kati ya 1921 na 1923 wakatoa jarida la mambo ya bahari, nakala zake zikaenda kwa Warusi kila walikotawanyika. Ndani ya nyambizi! Mahali ambapo mtu hawezi kunyoosha mikono, wenzake wananing'iniza kurasa zikauke wino.

Usiku nimekula lablabi karibu na bandari ya zamani, dengu za moto na mkate, bizari ya pilau na limau. Mashua za wavuvi zimepakwa rangi za kupendeza. Nimeuliza zile manowari ziliishia wapi, na mzee mmoja akaonyesha kwa mkono upande wa ziwa, kisha akasugua vidole: ziliuzwa. Ndivyo. Ufaransa na Moscow hawakuafikiana, na moja moja zikakatwa chuma chakavu. Ile kubwa kuliko zote, General Alekseyev, ilikatwa mwaka 1936. Mizinga yake ya inchi 12 iliwekwa ghalani hapa, na mwaka 1940 ikapelekwa Finland. Minne haikufika, Wajerumani waliikamata Bergen wakaisimika kisiwa cha Guernsey. Hata chuma kile cha Guernsey hakikupata kurudi kwao.

Siku ya saba: Bizerte

Leo ndiyo siku niliyoijia.

Meli zilipokuwa zinakatwa, waliobaki Bizerte walijua kwamba hapatabaki hata ubao wa kuonyesha kuwa ziliwahi kuwepo. Wakachanga. Ni watu waliokuwa wakipokea vijipesa vya vibarua, lakini wakachanga, na kati ya 1937 na 1938 wakajenga kanisa la Mtakatifu Alexander Nevsky. Liko kwenye mtaa wa kawaida kabisa, maduka ya simu na viatu, duka la mkate. Jeupe, dogo. Ukumbi wa shule ungelimeza. Kiwanja kilicho mbele kina jina la Anastasia Shirinskaya. Mji ulimpa heshima hiyo yeye akiwa hai.

Mama aliyenifungulia kaniuliza natoka wapi. Nilisita, kama ninavyosita siku zote nikiulizwa hivyo, kisha nikasema: Bibi yangu wa Unguja, mama yangu wa Mombasa, mimi nimezaliwa Maskati, naishi Lyon. Akanishika mkono. "Ingia, binti," akasema. "Hapa umefika."

Ndani baadhi ya sanamu takatifu zimetoka kwenye makanisa ya manowari zenyewe. Mbele, penye mlango wa madhabahu, kuna pazia. Nimelikaribia kadiri nilivyoruhusiwa. Ni kitambaa cheupe chenye msalaba wa buluu ulalao mshazari, limeshonwa kwa mfano wa ile bendera iliyoshushwa Oktoba 29. Hapo ndipo walipoipandisha tena, mahali ambapo hakuna serikali ya kuwaamuru waishushe.

Na ukutani kuna marumaru iliyochongwa majina ya meli. Meli zote, moja chini ya nyingine, kubwa na ndogo.

Anastasia aliolewa mwaka 1935, akapata watoto watatu, akabaki hapa wengine walipokwenda Ufaransa au Marekani. Alifundisha hesabu vizazi na vizazi vya watoto wa Bizerte, Waislamu, Wakristo na Wayahudi. Mmoja wa wanafunzi wake, Bertrand Delanoë, alikuja kuwa meya wa Paris. Angeweza kuchukua uraia wa Ufaransa, hakutaka. Alibaki na hati ya Nansen, akingoja. Alipewa pasipoti ya Urusi mwaka 1997. Alifariki Desemba 21 mwaka 2009 akiwa na miaka 97, akazikwa kwenye makaburi ya Wakristo ya hapa. Asubuhi nilipitia huko kwanza. Nimeiacha ile stempu ya Nansen chini ya kijiwe. Upepo utaichukua, najua.

Nikiwa kwenye kiti cha nyuma nimemrekodia mama sauti kwenye simu, nikamsomea majina ya meli kutoka ukutani, polepole, kadiri ninavyoweza kuyatamka: Georgy Pobedonosets, General Alekseyev, General Kornilov, Zharky, Utka. Mama alisikiliza yote, akajibu kwa swali moja: "Na lile jahazi lililowatoa kina Bibi yako Unguja, liliitwaje?"

Sikujua. Nikampelekea swali mjomba wangu mkubwa, Mombasa, ambaye siku ile alikuwa mtoto wa miaka saba. Amejibu baada ya sala ya isha, sauti yake imechoka. Amesema jina halikuandikwa popote alipopaona yeye. Walingoja siku nyingi upepo wa kusi uanze, maana kaskazi ingewarudisha. Waliondoka usiku. Anakumbuka harufu ya papa mkavu, na kwamba tanga lilikuwa na kiraka cha gunia la unga, na yeye alilala chali akikitazama kiraka kile mpaka kulipokucha.

Nimefungua daftari, ukurasa wa mwisho uliobaki, nikaandika: Jahazi. Mwanzo wa kusi, 1964. Tanga lina kiraka cha gunia.